Chumvi Si Dawa: Kuanzisha Kidimbwi cha Kuogelea cha Maji ya Chumvi

Mazungumzo kwa watunzaji wa vidimbwi na wenye nyumba za wageni, Kaunti ya Kwale



Mwenye nyumba ya wageni anayefunga mashine ya chumvi mara nyingi huamini kwamba ameachana na klorini. Hajaachana nayo. Mashine hupitisha umeme katika maji yenye chumvi, na klorini hutengenezwa humo humo. Chumvi yenyewe haitoshi kuua vijidudu, kwani kidimbwi huhitaji takriban gramu 3 tu kwa lita, ilhali bahari ina kama 35. Anayemwaga magunia ya chumvi Ijumaa jioni na kuruhusu watoto waingie Jumamosi asubuhi amewatia katika maji yasiyo na kinga.

Kazi huanza kwa kuyajua maji. Mwamba wa ufuo wa Tiwi na Diani ni wa matumbawe, yaani chokaa, na maji ya visima vyake huwa magumu: sabuni haitoi povu upesi na birika la chai huota ukoko mweupe. Ukoko huo huo hushika mabamba ya mashine na kuyaharibu, nayo ni ghali kuliko kifaa cha kupimia maji. Basi mtunzaji hupima kwanza, kabla hata gunia moja halijafunguliwa. Ugumu unaofaa ni miligramu 200 hadi 400 za chokaa kwa lita, ualkali 80 hadi 120, na pH 7.2 hadi 7.6. Ugumu ukizidi hakuna dawa rahisi ila kuchanganya na maji laini, kwa mfano ya mvua yaliyokingwa kwenye paa.

Ualkali hurekebishwa kabla ya pH, kwa sababu ndio unaoishikilia pH isiyumbe. Na pH si jambo dogo. Ikiwa 7.2, karibu theluthi mbili ya klorini iko katika hali ya kuua vijidudu. Ikipanda hadi 8 hubaki karibu robo. Mashine ya chumvi nayo, kwa jinsi inavyofanya kazi, huelekea kuipandisha pH siku baada ya siku. Ndiyo maana maji yanaweza kuonekana safi, kipimo kikaonyesha klorini ipo, na bado wageni wakaondoka na macho mekundu na masikio yanayouma.

Asidi ndiyo hushusha pH na ualkali pia. Hapa mtu anaweza kupoteza maisha. Asidi hutiwa ndani ya maji. Maji hayamwagwi juu ya asidi. Isikutane kamwe na klorini, hata kwa kutumia ndoo moja bila kuisuuza, kwa maana hutoa gesi inayochoma mapafu. Kuziweka mbili hizo katika stoo moja isiyo na hewa ni kutega mtego. Gesi ikitokea, watu hukimbilia nje upande upepo unakotoka, na aliyeivuta hupelekwa kituo cha afya hata kama anasema amepata nafuu.

Kidimbwi kilichopigwa plasta mpya husubiri kama mwezi mmoja kabla ya kutiwa chumvi, la sivyo plasta hulika.

Hesabu ya chumvi ni rahisi. Kidimbwi cha mita 10 kwa 5, chenye kina cha wastani cha mita 1.5, kina lita 75,000, hivyo kinahitaji kilo 225. Lakini kisima cha karibu na ufuo huenda tayari kina gramu 0.8 kwa lita. Hapo kilo 60 hupunguzwa, zikabaki 165. Chumvi iliyozidi haitoki ila kwa kumwaga maji. Itumike chumvi safi isiyotiwa iodini. Pampu izunguke kwa saa 24, mashine ikiwa imezimwa, mpaka chumvi yote iyeyuke.

Katika jua la pwani, klorini isiyokingwa huisha kwa saa chache. Asidi ya sianuriki, miligramu 30 hadi 50 kwa lita, huikinga. Ikipita 100 huifunga klorini hiyo hiyo isifanye kazi.

Mashine huchukua muda kufikia kiwango, kwa hiyo klorini ya kwanza hutiwa kwa mkono, jioni. Kidimbwi hufunguliwa pale tu kipimo cha asubuhi kinapoonyesha miligramu 1 hadi 3 kwa lita na pH iko mahali pake. Wiki za kwanza hupimwa kila siku.

Maji ya kusafishia chujio nayo yana chumvi. Yasielekezwe kwenye mchicha wa jirani.