Uthabiti Huanzia Kwenye Keria: Magari Marefu ya Safari Kati ya Uhuru Highway na Kikuyu

Mada kwa semina ya madereva, mafundi na wasimamizi wa magari ya watalii, Westlands, Nairobi

1. Utangulizi



Gari linalotoka Karen alfajiri kwenda Maasai Mara siku hizi huwa limebeba nyumba nzima. Juu ya keria kuna hema la kukunjua, gurudumu la pili la akiba na madebe ya dizeli. Nyuma kuna friji, mtungi wa gesi, tangi la maji na masanduku ya wageni. Ndani ya mbuga hakuna anayelalamika, maana mwendo ni wa pole. Malalamiko huanza likifika kwenye lami: usukani mwepesi kupita kiasi, mkia unacheza, basi likilipita linayumba. Basi fundi anaitwa, shokabu zinabadilishwa, na safari inayofuata mambo ni yale yale.

Hoja yangu ni moja. Sehemu kubwa ya uthabiti wa gari huamuliwa yadini wakati wa kupakia. Dereva akishaingia barabarani hutumia akiba aliyoachiwa na waliopakia.

2. Barabara tunayoizungumzia

Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27 hivi kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa kwa umma Mei 2022. Kikomo cha mwendo ni kilomita 80 kwa saa. Katikati ya jiji imeinuliwa juu ya nguzo, ikipita juu ya Uhuru Highway hadi Museum Hill na kuendelea Westlands. Huko juu gari hukingwa na majengo kwa muda, kisha hutokea penye uwazi na kupigwa na upepo wa ubavuni ghafla.

Ukishuka Westlands unaendelea na Waiyaki Way: Kangemi, Uthiru, Kinoo, Kikuyu, hadi Rironi, karibu na Limuru. Barabara imepanuliwa, lakini matatu bado husimama zinapotaka, na watembea kwa miguu huvuka wanapoona nafasi. Tena kuna mwinuko. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Limuru ni zaidi ya mita 2,200. Kwa hiyo dereva anayerudi kutoka Mara, akiwa amechoka, huingia mjini kwa mteremko mrefu na gari lililojaa.

3. Kimo cha mzigo

Tufanye hesabu ya mfano. Gari lina kilo 2,800. Kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia ni mita 1.6, na kitovu cha uzito kiko mita 0.8 kutoka ardhini. Gawanya nusu ya upana huo kwa kimo cha kitovu: unapata 1.0. Maana yake ni kwamba ili gari lipinduke, nguvu ya ubavuni lazima ikaribie uzito wote wa gari.

Sasa weka kilo 200 kwenye keria, mita 2.3 kutoka ardhini. Kitovu kinapanda hadi mita 0.9 na jibu linashuka hadi 0.89. Zaidi ya sehemu moja ya kumi ya akiba imekwenda, na bado hatujawasha injini. Barabarani hali huwa mbaya zaidi ya hesabu hii, kwa sababu springi na tairi zinapolala upande mmoja, kitovu nacho husogea upande huo huo.

Linganisha na kona. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 60, mwendo wa kilomita 40 kwa saa huleta nguvu ya ubavuni ya 0.21 ya uzito wa gari. Kwa kilomita 60 nguvu hiyo ni 0.47. Kona peke yake haitoshi kulipindua gari letu. Hatari ni kukwepa. Mtu anakatiza Kangemi, dereva anavuta usukani kulia, kisha anaurudisha kushoto kwa nguvu. Mvuto wa pili hulikuta gari bado limelala kutokana na ule wa kwanza, na hapo ndipo magurudumu ya upande mmoja huinuka.

Hata viwanda vikubwa vimeonja jambo hili. Mwaka 1997, jarida la Teknikens Värld la Uswidi lilijaribu Mercedes-Benz A-Class kwa mtindo huo wa kukwepa, na gari likapinduka. Kampuni ililazimika kuliboresha na kuliwekea mfumo wa kielektroniki wa kudhibiti uthabiti. Magari mengi ya zamani tunayoyatumia hayana mfumo huo.

4. Mkia mzito

Kilo 300 zikiwekwa mita 1.5 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 3, ekseli ya nyuma huongezewa kilo 450 na ya mbele hupunguziwa 150. Ndiyo sababu usukani huwa mwepesi. Tairi za mbele hazikanyagi lami ipasavyo, na lori likikupita, hewa yake hukusukuma kwanza kisha hukuvuta, nawe huna mshiko wa kutosha kulinyoosha gari.

Dawa inayopendwa na mafundi wa Kirinyaga Road ni kuongeza majani ya springi. Mkia huinuka na gari hupendeza macho, lakini uzito kwenye kila ekseli unabaki ule ule, na kitovu kimepanda tena.

5. Maji na upepo wa tairi

Tangi la lita 200 lililojaa nusu ni kilo 100 zinazohama kila ukikata kona. Lijazwe au limwagwe. Tangi jipya litengenezwe na vizuizi ndani, na likae chini, kati ya ekseli mbili.

Kuhusu tairi, wengi wetu hupunguza upepo mbugani ili gari lisirukeruke, hadi pauni 25 au chini. Kosa ni kupanda Mai Mahiu na kuteremka Kinoo na upepo ule ule. Kuta za tairi hupinda, hupata joto, na gari huogelea. Pampu iwe ndani ya gari, na upepo urudishwe kabla ya mwendo wa lami, kulingana na kibandiko cha mlangoni na mzigo uliopo.

6. Mwendo

Nguvu ya ubavuni hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 hadi 100 huongezeka kwa asilimia 56. Kikomo cha 80 kwa magari ya abiria, kilichotiliwa mkazo na kanuni za Waziri John Michuki mwaka 2004, kina msingi wa kifizikia hata pale polisi hawapo. Gari likianza kuyumba, achilia mafuta, shika usukani bila kuukaza, usikanyage breki kwa pupa.

7. Mapendekezo

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayepakia si lazima awe ndiye atakayeendesha, na hilo ndilo la kurekebisha:

(a) Kila gari lipimwe kwenye mizani likiwa na mzigo kamili, ekseli ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake.

(b) Keria ibebe hema na vitu vyepesi tu. Dizeli, maji na gurudumu la ziada vishushwe.

(c) Dereva atie sahihi fomu ya upakiaji, na awe na haki ya kukataa gari lililopakiwa vibaya bila kukatwa mshahara.

(d) Kadi yenye uzito wa kila ekseli, kimo cha gari na upepo wa tairi ibandikwe mbele ya dereva.

Pendekezo (c) ndilo litakalopingwa na wenye kampuni, kwa kuwa linachelewesha wageni. Naomba tuanze mjadala na hilo.