OFISA HATOKI MBINGUNI: MANENO KWA VIJANA NA WAZAZI

Haya ni maneno tuliyosema mbele ya vijana na wazazi katika mkutano wa tawi. Tunayachapa kwa ajili ya wanachama na rafiki zetu ambao hawakuwahi kufika.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana,

Wazazi wengi wametuuliza swali moja, wengine hapa nyumbani, wengine kwa barua kutoka kwa ndugu zetu wanaoishi Marekani. Wanauliza: Je, mtoto wetu aweza kuingia katika vyuo vikubwa vya maofisa wa jeshi vya Marekani? Jibu letu ni fupi. Aweza. Lakini yampasa ajue mlango ulio wake, na aanze kujitayarisha mapema.

Pengine yuko mtu atakayesema, jambo hili latuhusu nini sisi? Tukumbushane. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera yetu na Mwenge juu ya kilele cha Kilimanjaro. Kijana yule alikuwa amesomea uofisa Sandhurst, Uingereza. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini maofisa Waafrika wa namna yake walikuwa wachache mno, na amri kambini ziliendelea kutolewa na Waingereza. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito waliasi. Walitaka mishahara zaidi, na walitaka maofisa Waafrika. Serikali yetu wenyewe ikalazimika kuwaomba askari wa Kiingereza waje kutuliza maasi yale. Ilikuwa aibu kubwa kwa taifa changa. Tarehe 1 Septemba mwaka ule ule likaundwa Jeshi la Wananchi, na mkuu wake, Mrisho Sarakikya, naye alikuwa amepita Sandhurst.

Fundisho ni hili: bendera hutundikwa kwa usiku mmoja, lakini ofisa hapatikani kwa usiku mmoja. Nchi isiyotayarisha vijana wake mapema itaazima wa wenzake siku ya shida.

VYUO VYENYEWE

Marekani wanavyo vyuo vitano vya namna hii. Cha jeshi la nchi kavu kiko West Point, kilianzishwa mwaka 1802. Cha wanamaji kiko Annapolis, tangu 1845. Cha jeshi la anga kiko Colorado Springs, nacho kiliundwa mwaka 1954. Kuna cha walinzi wa pwani kule New London, na cha mabaharia wa meli za biashara kule Kings Point. Mafunzo ni ya miaka minne, na mwisho wake kijana hupata shahada pamoja na uofisa. Katika vyuo vya majeshi, mwanafunzi halipi ada. Hula, hulala na hulipwa posho kila mwezi. Na akina mama wasikilize: tangu mwaka 1976 wasichana nao huingia. Basi asiwepo mzazi wa kumwambia binti yake kwamba maneno haya ni ya kaka zake.

Kwa kuwa ni elimu bila ada, wanaobisha hodi ni wengi. West Point peke yake hupata maombi zaidi ya 10,000 kwa mwaka, na wanaoingia ni kama 1,200 tu.

MILANGO MIWILI

Mlango wa kwanza ni wa raia wa Marekani. Huu ni wa watoto wa ndugu zetu waliohamia kule wakapata uraia. Kijana awe ametimiza miaka 17, asiwe ameoa au kuolewa, wala asiwe na mtoto wa kumtunza kisheria. Kikomo cha juu cha umri kimewekwa na sheria, na kila mtu akisome katika masharti ya mwaka wake. Wazazi, hapa ndipo wengi hujikwaa: kibali cha kukaa hakitoshi, lazima uraia. Mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye kibali cha kudumu, anayeishi kule na mzazi wake, huwa raia mzazi huyo anapopata uraia. Kwa hiyo mzazi anayeahirisha karatasi zake mwaka baada ya mwaka huenda anamfungia mtoto mlango bila kujua.

Tena, karibu vyuo vyote hivi hudai kijana apendekezwe. Hupendekezwa na Seneta wa jimbo lake, au na Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi wa wilaya yake, au na Makamu wa Rais. Kila Seneta na kila Mjumbe hawezi kuwa na zaidi ya vijana watano kwa wakati mmoja katika kila chuo cha majeshi yale matatu makubwa kwa hesabu yake. Chuo cha walinzi wa pwani ndicho kisichodai pendekezo hilo. Basi kijana awaandikie wote wanaomhusu, asimtegemee mmoja. Wala asidhani lazima mzazi awe anafahamiana na wakubwa. Ofisi hizo hupokea maombi ya kila mkazi, huwaita vijana kwa mahojiano, kisha huchagua.

Mlango wa pili ni wa wageni. Sheria ya Marekani yaruhusu kila chuo cha majeshi yale matatu makubwa kuwa na wanafunzi wa nchi nyingine wasiozidi 60 kwa wakati mmoja. Hawa hawapendekezwi na Seneta. Nchi hualikwa, na serikali ya nchi ndiyo humtoa kijana wake, na njia hupita katika ubalozi wa Marekani. Gharama hudaiwa serikali iliyompeleka, ila Marekani ikisamehe. Kijana huyu lazima ajue Kiingereza vizuri, ashinde mitihani, na akimaliza arudi kulitumikia jeshi la nchi yake. Anayetafuta mlango huu ili ahamie ng'ambo amekosea njia. Huu ni mlango wa kwenda kuchota na kurudi na ndoo.

KUJITAYARISHA

Sasa twaja kwenye kazi yenyewe. Vyuo hivi hupima mtu mzima: masomo, uongozi, na nguvu za mwili. Masomo ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko yote. Kijana asome hisabati miaka yote minne ya sekondari, na Kiingereza vivyo hivyo, na sayansi za maabara, na lugha ya kigeni. Afanye ule mtihani wa kuingilia vyuo vikuu mapema, ili akipata alama ndogo awe na nafasi ya kuurudia.

Tumemwona kijana mmoja mwenye alama nzuri kuliko wenzake wote. Aliamka katika mwaka wa mwisho wa shule, baada ya sikukuu. Alipouliza, akaambiwa siku ya mwisho ya kuomba pendekezo imekwisha pita tangu vuli. Hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Hakukosa akili, alikosa kalenda. Kwa sababu hiyo twasema: faili lifunguliwe chuoni mwaka wa mwisho haujaanza, na barua kwa Seneta na Mjumbe ziandikwe wakati huo huo. Kila ofisi ina siku yake ya kufunga. Ziandikeni zote ukutani.

Juu ya uongozi, wasimamizi hawatafuti orodha ndefu ya vyama. Watauliza: ulifanya nini? Kijana aliyekuwa nahodha wa timu, au aliyefundisha watoto wa mtaa hesabu kila Jumamosi kwa miaka miwili, au aliyefanya kazi baada ya shule ili kusaidia nyumba, ana la kusema. Msione haya kuandika kwamba mlilea wadogo zenu huku mama akiwa kazini usiku. Huo nao ni uongozi, ila uandikwe wazi: kazi gani, kwa muda gani, na kilichotokea.

Kuna mtihani wa viungo wenye sehemu sita: kurusha mpira wa kikapu hali umepiga magoti, kujivuta juu kwenye chuma, mbio fupi za kwenda na kurudi, kuinua kiwiliwili ukiwa umelala chali, pushapu, na mbio za maili moja. Sehemu hizi hufuatana upesi, mapumziko ni machache. Anayejizoeza moja moja siku mbalimbali atashangaa siku ya mtihani. Jizoezeni zote kwa mfululizo, mara mbili au tatu kwa juma, kwa miezi mingi.

Halafu uchunguzi wa afya. Macho, masikio, pumu, mifupa iliyowahi kuvunjika, vyote huulizwa. Semeni kweli. Baadhi ya mambo huweza kusamehewa baada ya kuangaliwa tena, lakini uwongo ukigunduliwa humwondoa mtu. Na vyuo hivi hufundisha kwamba kadeti hasemi uwongo, haibi, wala hadanganyi. Itakuwaje mtu aingie kwa kuvunja sharti la kwanza?

Katika mahojiano wataulizwa: kwa nini wataka kuwa ofisa? Jibu la "kwa sababu hakuna ada" litamaliza mazungumzo. Kijana ajiulize swali hilo nyumbani, ajibu kwa maneno yake mwenyewe, wala asikariri ya mjomba.

NENO LA MWISHO

Wazazi, jueni uzito wa jambo hili. Raia anayemaliza West Point hudaiwa utumishi wa miaka mitano kazini kwa uchache, na mingine ya akiba hata itimie minane. Huapa kuilinda katiba ya Marekani, na akiamriwa kwenda vitani atakwenda. Mtoto asisukumwe na mzazi anayetaka sifa mtaani. Aende aliyependa mwenyewe, akijua.

Na akitokea mtu kuwaambia, nipeni fedha nimpatie mwanao nafasi, mfukuzeni. Nafasi haiuzwi. Anayeiuza anauza hewa, na anayeinunua amekwisha kumfundisha mwanawe kwamba uofisa hupatikana kwa rushwa.

Wale vijana wa mwaka 1961 hawakuwa na mtu wa kuwaambia haya yote. Walipita kwa kubahatisha, wakapita wachache, nasi tukaona matokeo yake mwaka 1964. Ninyi mmeambiwa. Kesho asubuhi fungueni kitabu cha hisabati, mkafunge viatu mkimbie maili moja, na jioni mwandike barua ya kwanza.

Kazi ni kwenu.