Kipimo cha Maji ya Mto ni Mali ya Wakazi
Mada kwa mikutano ya hadhara ya kata, msimu wa mvua



Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kauli hiyo inawahusu kwa namna ya pekee wakazi wa pwani ya Ziwa Victoria, kwa kuwa maisha yao yamezungukwa na maji ya aina mbili. Yapo maji ya ziwa, ambayo hupanda na kushuka taratibu kwa miezi na miaka. Yapo pia maji ya makorongo na vijito vinavyoteremka kutoka vilimani, ambayo huweza kuwa kifundoni asubuhi na kifuani kabla ya adhuhuri. Ziwa humpa mtu muda wa kuhamisha mtumbwi wake. Kijito cha mlimani huenda kisimpe hata muda wa kumaliza kuvuka.

Sababu ya tofauti hiyo imo ardhini. Vilima vya Mwanza ni miamba ya matale, na juu yake kuna tabaka jembamba la udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni. Mvua kubwa inaponyesha, mwamba haunywi maji, na udongo mwembamba hushiba mapema. Kinachobaki hukimbilia bondeni. Pale ambapo miti imekatwa na mabati na sakafu za saruji zimechukua nafasi yake, maji hukimbia kwa kasi zaidi. Mvua ya milimita 40 inayoangukia paa la meta za mraba 50 hutoa lita 2,000 za maji. Mvua hiyo hiyo ikiangukia kilometa moja ya mraba huleta lita milioni 40. Si zote zitakazofika mtoni, lakini hata nusu yake ni mzigo mzito kwa korongo ambalo juzi lilikuwa kavu.

Mto Mirongo, unaopokea maji ya vilima vya Jiji la Mwanza na kupita katikati ya mji kabla ya kuingia ziwani, ni mfano unaojulikana na wengi. Kwa upande wa Magu upo Mto Simiyu, ambao chanzo chake ni mbali, upande wa Serengeti. Wakati wa kiangazi mto huo hukaribia kukauka, na wakati wa masika hubeba maji mengi na tope jingi hadi Ghuba ya Speke. Mito hiyo miwili hutofautiana kwa ukubwa, lakini wingi wa maji yake hauwezi kujulikana kwa kutazamwa tu kwa macho. Ni lazima upimwe.

Jukumu la kupima limo mikononi mwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake makuu hapa Mwanza. Bonde hilo ni moja kati ya mabonde tisa ya maji ya Tanzania Bara, na usimamizi wake unaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009.

Kazi yenyewe huanza na kifaa cha kawaida kabisa. Bamba lililoandikwa namba kama rula husimikwa mtoni, mara nyingi karibu na daraja, na msomaji huandika daftarini namba ambayo maji yameifikia, pamoja na tarehe na saa. Vituo vingine vina vifaa vinavyojirekodi vyenyewe. Hata hivyo, kina peke yake hakitoshi. Wataalamu hupima pia upana wa mto na kasi ya maji, kisha huzidisha vipimo hivyo vitatu. Tuchukue mfano wa kijito chenye upana wa meta 4, kina cha wastani cha nusu meta na maji yanayokwenda nusu meta kwa sekunde. Mtiririko wake ni meta moja ya ujazo kwa sekunde, yaani ndoo 50 za lita 20 kwa kila sekunde. Mvua ikinyesha vilimani, upana ukafika meta 8, kina meta moja na nusu na kasi meta 2 kwa sekunde, mtiririko unakuwa meta 24 za ujazo, ambazo ni ndoo 1,200 kwa sekunde. Kina kimeongezeka mara tatu tu, ilhali maji yameongezeka mara 24. Hapo ndipo anayekadiria kwa macho anapodanganyika.

Vipimo vya namna hiyo vinaporudiwa mara nyingi katika kina tofauti, hupatikana jedwali linaloonyesha kila kina kina mtiririko gani. Tangu hapo msomaji akiandika kina, mtaalamu anaweza kujua wingi wa maji bila kuingia mtoni kila siku. Lakini jedwali hilo hubaki kuwa kweli iwapo tu sakafu ya mto haijabadilika. Mchanga ukichimbwa karibu na kituo, au taka zikirundikana chini ya daraja, namba ya kwenye bamba hubaki ile ile huku maji yakiwa mengine. Kwa hiyo anayechota mchanga mahali hapo hachukui mchanga peke yake. Anaharibu pia maana ya kila namba itakayosomwa baada yake.

Huenda mwananchi akauliza: namba hizo zinamsaidia nini mkulima, mvuvi au mama anayeuza samaki mnadani? Jibu lipo katika mambo matatu.

La kwanza ni ujenzi. Mhandisi anayechagua ukubwa wa kalavati au urefu wa daraja hutegemea kumbukumbu za mafuriko yaliyopita. Kumbukumbu zikikosekana atakisia. Akikisia kidogo, daraja litasombwa, na wanafunzi na wagonjwa watakwama ng'ambo. Akikisia kikubwa, fedha ambazo zingejenga zahanati zitafukiwa katika zege lisilohitajika.

La pili ni ugawaji wa maji. Sheria inamtaka mwenye shamba kubwa la umwagiliaji au kiwanda awe na kibali cha kutumia maji. Bodi haiwezi kutoa kibali kwa haki bila kujua kijito hubaki na maji kiasi gani mwishoni mwa kiangazi. Pasipo kipimo, wa juu hunywesha bustani na wa chini hukosa maji ya ng'ombe, na ugomvi wao hauna ushahidi wa kuumaliza.

La tatu ni historia. Kina cha Ziwa Victoria kimepimwa huko Uganda tangu mwaka 1896. Kwa sababu ya daftari hilo refu inajulikana kwamba mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, zilipandisha ziwa kwa zaidi ya meta 2 ilipofika 1964. Inajulikana pia kwamba mwaka 2006 ziwa lilishuka sana, na kwamba Mei 2020 lilifikia kipimo cha meta 13.42 pale Jinja na kuingia katika makazi ya watu wa mwambao. Aliyejenga ufukweni mwaka 2006 aliona nchi kavu. Daftari lingemweleza kuwa pale ni mahali pa ziwa. Vijito vyetu vingi havina daftari la urefu huo, na siku iliyopita bila kusomwa hairudi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Halmashauri inawaomba wakazi wazingatie yafuatayo.

Bamba la kupimia lisiondolewe, lisifungiwe mitumbwi wala mifugo, na lisiuzwe kama chuma chakavu. Anayeona limeanguka atoe taarifa kwa Mwenyekiti wa Kijiji au Afisa Mtendaji wa Kata, naye ataifikisha Bodi ya Maji ya Bonde.

Kilimo, ujenzi na uchimbaji wa mchanga visifanyike ndani ya meta 60 kutoka kingo za mto au ziwa, kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inavyoelekeza. Taka zisitupwe makorongoni.

Wazazi wasiwaruhusu watoto kuvuka korongo linalotiririka kwa kasi, hata kama mahali walipo jua linawaka, kwa sababu mvua iliyoleta maji hayo huenda ilinyesha mlimani. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yenye sentimita 60 huweza kusomba gari. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ufuatiliwe redioni, na mtu akizidiwa na maji Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu namba 114, bila malipo.

Mwisho, wazee wanaokumbuka maji ya miaka iliyopita yalifika mti gani, jiwe gani au ukuta gani, wanaombwa kumwonyesha Afisa Mtendaji alama hizo. Alama ya mzee hupimika kwa meta kama alama ya bamba, na mahali ambapo hakuna daftari, ndiyo daftari pekee lililopo. Vijana waandamane nao waione ingali ikionekana.