Olaudah Equiano na Vita Dhidi ya Utumwa



Tunapotafakari haki, tumkumbuke Olaudah Equiano. Kwa maelezo yake mwenyewe, alizaliwa katika nchi ya Waigbo, Nigeria ya leo, akatekwa angali mtoto na kuuzwa ng'ambo. Alibatizwa London mwaka 1759, lakini bwana wake, Mkristo, alimwuza tena. Mwaka 1766 alijikomboa kwa paundi 40 alizozichuma kwa biashara ndogondogo.

Hakuridhika na uhuru wake peke yake. Mwaka 1783 alimpasha Granville Sharp habari za meli ya Zong, ambayo mabaharia wake waliwatosa baharini Waafrika zaidi ya 120. Wenye meli walidai bima mahakamani, kana kwamba waliokufa walikuwa shehena. Mwaka 1789 Equiano alichapisha kitabu cha maisha yake, akazunguka nacho akishuhudia. Alifariki mwaka 1797, miaka 10 kabla Bunge la Uingereza halijapiga marufuku biashara hiyo.

Nasi tusingoje uhakika wa kuyaona matunda. Majumbani mwetu wamo watumishi wasiolipwa mshahara wala kuruhusiwa kwenda kwao. Tuanzie hapo: tuwasikilize, tuwalipe haki yao, wala tusinyamaze.