Mashine ya Kamari na Haki ya Mizani

Mazungumzo na viongozi wa walei na wanajumuiya



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya kamari ya mashine. Kwamba kamari huvunja nyumba mmekwisha kusikia mara nyingi. Wanaocheza nao wamesikia, wala hawakuacha. Leo tunataka kulijibu dai moja linalorudiwa vijiweni: kwamba mashine hazilingani, na kwamba mwenye akili akijua kuchagua mashine na kuicheza vyema, hawezi kula hasara. Dai hili lina chembe ya ukweli, na kwa sababu hiyo linahadaa kuliko uongo mtupu.

1. Mashine ambayo mizani yake husomeka

Tuanze mahali ambapo dai hilo lina nguvu zaidi, napo ni katika mashine za poka ya video. Mashine hizi zilianza kupata umaarufu katika jimbo la Nevada, Marekani, mnamo mwaka 1979. Kamari ilikuwa imehalalishwa huko tangu mwaka 1931.

Mchezaji huweka dau, naye huonyeshwa karata 5 kutoka fungu la karata 52. Huchagua za kubaki nazo, hubadilisha nyingine mara moja tu, kisha hulipwa kwa kufuata jedwali lililoandikwa kwenye mashine yenyewe. Kanuni za Nevada zinadai kwamba karata zinazoonyeshwa na mashine zitokee kwa nafasi ileile ya fungu la kweli. Kwa hiyo mwenye hesabu aweza kupiga na kujua kwa hakika mashine ile hurudisha kiasi gani.

Katika mchezo ule ambao malipo huanzia jozi ya jeki, wajuzi hutazama mistari miwili ya jedwali: malipo ya karata tatu za namba moja pamoja na jozi, na malipo ya karata tano za aina moja, kwa mfano kopa tupu. Mashine ikilipa 9 na 6 kwa kila sarafu 1, hurudisha asilimia 99.54 ya madau. Ikilipa 8 na 5, hurudisha asilimia 97.3. Ikilipa 6 na 5, hurudisha asilimia 95 tu. Kwa sura mashine hizo tatu zaweza kufanana kama mapacha.

Basi, ni kweli kwamba mashine hazilingani. Lakini tuone mwenye kujua hayo hupata nini.

2. Hesabu ya saa moja

Mchezaji mwepesi huweza kucheza mara 600 kwa saa. Akiweka kila mara sarafu 5 za senti 25 ya dola, dau lake ni dola 1.25, na kwa saa moja amepitisha dola 750. Katika mashine iliyo bora kati ya zile tatu, hasara yake kwa wastani ni dola 3.45. Katika ile ya pili ni dola 20.25. Katika ile ya tatu ni dola 37.50.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Husikia "asilimia 95" wakadhani kwamba aliyeingia na dola 20 atatoka na dola 19. Sivyo. Asilimia hiyo hukatwa katika kila dau, na kinachorudi huwekwa tena, kikakatwa tena. Mtu wa dola 20 aweza kuzimaliza zote kabla saa haijatimia, ilhali mashine haikumwibia hata senti moja. Imefanya kama ilivyoandikwa.

Tena, asilimia 99.54 ni ya mchezaji asiyekosea kamwe katika kuchagua karata. Takriban asilimia 2 ya marejesho hayo hutokana na mkono mmoja tu: 10, jeki, malkia, mfalme na ree za aina moja. Mkono huo humjia mchezaji hodari karibu mara moja katika michezo 40,000, yaani saa 67 za kucheza kwa kasi tuliyoitaja. Hata hapo, asipoweka sarafu zote 5, malipo yake hushuka kutoka 800 hadi 250 kwa kila sarafu. Kabla mkono huo haujaja, mfuko huzidi kuvuja.

Mtatuuliza: je, hakuna mashine inayompa mchezaji faida? Ipo. Kuna mchezo ambamo karata zote za 2 husimama badala ya karata yoyote, na jedwali lake lililo bora hurudisha asilimia 100.76 kwa asiyekosea. Jedwali hilo limekuwa adimu sana. Kwa hesabu ileile ya dola 750, faida yake ni dola 5.70 kwa saa kwa wastani. Kima cha chini cha mshahara huko Nevada ni dola 12 kwa saa tangu Julai 2024. Yaani bingwa wa mabingwa, katika mashine hiyo, hapati hata nusu ya ujira wa mfagiaji, na mfagiaji hahitaji kuhatarisha mtaji wake kila dakika.

Hili ndilo neno letu la leo: kuchagua mashine hupunguza mwendo wa hasara; si chanzo cha riziki.

3. Mizani ya kwetu

Sasa turudi nyumbani. Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na bodi ya kuisimamia, na kamari imekatazwa kwa walio chini ya miaka 18. Lakini mashine zinazowanasa vijana wetu vilabuni na madukani, kwa sehemu kubwa, si za poka. Ni za picha zinazozunguka. Hizo huonyesha zawadi tu. Hazimwonyeshi mchezaji kila picha ina nafasi gani ya kutokea. Mbili zenye sura moja zaweza kupangwa tofauti, wala mchezaji hana njia ya kujua. Hapo ujuzi wa kuchagua hauna pa kushika.

Kijana husema, "Mashine hii imeshiba, sasa itatapika." Mashine iliyotengenezwa kwa haki haikumbuki ilichokula jana. Kila mzunguko ni mwanzo mpya, wenye mkato uleule.

Kitabu cha Mithali na Nabii Amosi hulaani mizani ya hila. Mwuza unga akificha jiwe lake la kupimia, soko zima humpigia kelele. Mbona tunanyamaza mizani inapofichwa ndani ya sanduku lenye taa? Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2413, hufundisha kwamba michezo ya bahati kwa yenyewe haipingi haki, bali haikubaliki inapomnyima mtu mahitaji yake na ya wanaomtegemea, na kwamba uchu wake waweza kuwa utumwa. Swali la kwanza, basi, si mashine ipi inalipa vizuri. Ni fedha ya nani inayoingizwa humo: ya mchezo, au ya ada, dawa na unga?

4. Tufanye nini?

Kwanza, tuwafundishe vijana hesabu hii jumuiyani, kwa shilingi na kwa karatasi. Kijana aliyepiga hesabu mwenyewe hahitaji kukemewa.

Pili, tukiona watoto wanachezeshwa, tupeleke habari kwa serikali ya mtaa na kwa bodi husika, wala tusiogope kwamba mwenye duka ni jirani au muumini mwenzetu.

Tatu, aliyenaswa tumpokee bila kumwaibisha. Tusimkopeshe fedha ya kurudisha alichopoteza, maana itafuata njia ileile. Bali tumsaidie kuikabidhi mishahara yake kwa mwenzi au ndugu anayeaminika.

Nne, sisi wenyewe tuwe safi. Parokia inapouza tiketi za bahati nasibu kwa ajili ya ujenzi, itangaze wazi tiketi ni ngapi na zawadi ni ngapi. Hatuwezi kudai mizani ya haki kwa wengine huku yetu tumeifunika.

Maswali ya kujadili jumuiyani

1. Katika mtaa wetu, mashine za kamari ziko wapi, na nani huzicheza?
2. Mtu akicheza shilingi 2,000 kila siku na kurudishiwa asilimia 80, hupoteza kiasi gani kwa mwaka? Fedha hiyo ingelipia nini nyumbani?
3. Ni familia ipi inayohitaji kutembelewa wiki hii, na nani atakwenda?

Mungu awabariki.