Kituo cha afya ya akili si kuta na dari



Katika utunzaji wa wagonjwa wa akili, yaliyotokea Marekani ni fundisho kwa kila mwenye dhamana ya kupanga elimu na huduma za wananchi.

Mwaka 1955 hospitali za akili za majimbo ya nchi hiyo zilikuwa na wagonjwa zaidi ya 550,000. Wengi wao walikaa humo miaka nenda miaka rudi, mbali na jamaa zao. Dawa mpya zilipopatikana, ilidhihirika kuwa wengi waweza kutunzwa makwao. Tarehe 31 Oktoba, 1963, Rais John Kennedy alitia sahihi sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili karibu na wananchi.

Lakini kituo si kuta na dari. Nani angemtembelea mgonjwa nyumbani, amsikilize, amtafutie makazi na kazi, na kuielimisha familia yake? Madaktari walikuwa wachache, na masomo yao ni ya miaka mingi. Mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Purdue, katika tawi lake la Fort Wayne, Indiana, kilianzisha mafunzo ya miaka miwili ya wafanyakazi wa afya ya akili. Vyuo vya jamii vya majimbo mengine vikafuata.

Vyuo vya jamii ni vya karo nafuu, na viko karibu na watu. Humo husoma kijana aliyetoka sekondari, mama mwenye watoto, na mfanyakazi anayehudhuria darasa jioni. Wanaochukua masomo haya hujifunza tabia za binadamu, namna ya kuhoji na kusikiliza, kutunza siri, na kumsaidia mtu anayetaka kujiua. Hujifunza pia mipaka yao: kuandika dawa ni kazi ya daktari. Kisha hupelekwa vituoni kufanya kazi chini ya usimamizi, maana huruma peke yake si ujuzi.

Mpango huo ulikuwa mwema, lakini utekelezaji wake ulilegalega. Wagonjwa waliondolewa hospitalini upesi kuliko vituo vilivyojengwa. Katika vituo 1,500 vilivyokusudiwa, ni karibu nusu tu vilivyopatikana. Mwaka 1981 serikali kuu ilipunguza fedha zake na kuwaachia majimbo mzigo. Wagonjwa wengi wakaishia barabarani na magerezani, na mhitimu wa miaka miwili akabaki na kazi nzito kwa mshahara mdogo.

Hapo ndipo penye fundisho. Mfanyakazi wa miaka miwili si daktari wa bei rahisi. Ni kiungo baina ya daktari, familia na jamii. Kiungo hicho kikikosa msimamizi, nafasi ya kazi na ujira wa haki, cheti chake huwa karatasi tu. Anayefungua darasa la kazi hii hana budi kufungua pia mlango wa kazi yenyewe.