Ruhusa ya Nani?

Tangazo la Jumanne, tarehe 3 Januari 2023, mmelisikia. Mikutano ya hadhara ya vyama imeruhusiwa, Rais Samia kawaambia viongozi wa vyama Ikulu, na tangu hapo vijiweni Ndandalo, hapa Kyela, hakuna gumzo jingine. Tumefurahi, hatufichi. Kinachotutia hofu ni hiyo ruhusa yenyewe.

Mwaka 2016 mikutano ilizimwa kwa tamko. Ibara ya 20 ya Katiba haikufutwa. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 haikufutwa, nayo inakitaka chama kiwape polisi taarifa, si kuwapigia magoti. Lakini tamko likashinda, miaka sita na ushee. Sasa limekuja tamko jingine. Kilichotolewa kwa tamko kitachukuliwa kwa tamko. Tunarudia: kwa tamko.

Warusi yaliwakuta. Oktoba 1905, migomo imeibana nchi, mfalme Nikolai wa Pili akatia saini waraka: semeni, kutaneni, na bunge mtapata. Wanasheria na maprofesa wa chama cha Kadeti, walioitaka katiba kwa miaka mingi, wakaingia bungeni kwa kishindo. Bunge hilo halikumaliza hata miezi mitatu. Mfalme akalivunja Julai 1906. Wabunge wakaenda mji wa Vyborg, wakawataka wananchi wasilipe kodi wala wasitoe vijana kwenda jeshini. Wananchi wakabaki mashambani kwao. Kwa nini wainuke? Mabwana wale walijuana zaidi na magazeti kuliko na vijiji.

Hapa ng'ambo ya mto Songwe, Malawi, mambo yalikwenda vingine. Kamuzu Banda alikuwa rais wa maisha tangu 1971, na hakumruhusu mtu kitu. Jumapili ya tarehe 8 Machi 1992 waraka wa maaskofu Wakatoliki wa kuikosoa serikali ukasomwa makanisani, kwa lugha za watu wenyewe, mama aliyekaa mkekani akasikia. Serikali ikauita wa uchochezi. Umeshasikika! Juni 1993 Wamalawi wakapiga kura ya maoni, chama kimoja kikakataliwa.

Ulisomwa, ndugu zetu. Ulisomwa mbele ya watu. Na sisi, taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji inasomwa? Studio hii ya redio imesema mwaka juzi, ikasema mwaka jana, wengine wametuchoka. Mkutano mkuu wa kijiji hausubiri Ikulu. Sheria inautaka kila miezi mitatu. Nani aliuzuia? Hakuna. Na bado haufanyiki.

Basi amkeni! Enyi wa mpunga, enyi wa kakao, enyi vijana wa bodaboda pale Kasumulu, nendeni kwa mwenyekiti mkaulize tarehe ya mkutano. Akisema anasubiri maelekezo kutoka juu, msiondoke. Na magari ya vyama yakifika na vipaza sauti vyao, chama chochote kile, kabla hamjapiga makofi mwulizeni aliyeshika kipaza sauti: mapato na matumizi ya kijiji hiki yalisomwa lini?